Umeme wa Shimoni kwa Shemeji

Kwa muda wa miezi mitano nilikuwa natoka nyumbani na nguo mbili: moja mwilini, nyingine ndani ya mfuko wa plastiki chini ya vyombo vyangu vya kazi. Ile ya mwilini ndiyo niliyosalimia nayo watu. Ile ya mfukoni niliivaa uani kwa shemeji yangu, nikaivulia humo humo, nikanawa mpaka viwiko kwa sabuni na malimau, halafu nikarudi barabarani na kola safi. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, najificha kama mwizi wa kuku! Na wala sikuwa naiba kitu. Nilikuwa natengeneza umeme.

Mi ni fundi wa mota. Kibanda changu kiko mtaa wa Jabe, karibu na soko. Mota yako ikiungua unaniletea, natoa nyaya zilizokufa, nasuka nyingine, inaamka. Huyu ninayemwita shemeji ni mjane wa rafiki yangu, mtu niliyekua naye tangu chuo cha Kurani. Alipofariki aliacha mke, watoto watatu na mashine moja ya kusaga unga, ya umeme, kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mashine ile ndiyo ilikuwa chakula chao, nyumba yao na shule ya watoto. Ikizunguka wanakula. Isipozunguka, shemeji anakaa mlangoni na mikono mapajani, anatazama watu wanaopita na mihogo yao mikavu kwenda kwingine.

Basi umeme wa mji ukaanza kutuchezea. Unakuja kwa saa moja, unapotea siku mbili. Wenye jenereta wakatucheka kidogo, halafu esansi, hiyo petroli, nayo ikaadimika, magari yakaanza kulala kwenye foleni za stesheni, na jenereta zao zikawa viti vya kukalia. Watu wakarudi kwenye kinu na mchi. Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka sabini, alikuwa anatwanga uani huku akiutukana umeme kwa Kirundi na Kiswahili, kwa zamu.

Siku moja shemeji akaja kibandani, akakaa juu ya mota mbovu.

"Shemeji," akasema, "kaka yangu kule mulimani anapikia gesi ya mavi ya ng'ombe. Nimeona na macho yangu. Moto wa buluu, moshi apana. Hiyo gesi inaweza kuzungusha jenereta?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikamuuliza ng'ombe wake anawalaza wapi, chini ya kitanda?

"Machinjioni wanatupa vya tumboni kila siku," akasema, hakucheka. "Hapa sokoni wanatupa maganda, kabichi, nyanya zimeoza, vyote vinaenda mutoni. We niambie tu, inaweza ao haiwezi?"

Nikaweka koleo chini, maana inaweza. Jioni ile nilipita sokoni nikayatazama yale marundo, na nakuapia sikuwa nimewahi kuyatazama maishani mwangu zaidi ya kuyaruka. Umeme tunaungojea utoke kwenye mabwawa ya mbali, upite kwenye waya mrefu unaokatika mvua ikipiga kofi moja tu, kumbe mwingine umelala hapa miguuni mwetu unanuka. Soko moja, shimo moja, mashine moja. Halafu shimo lingine pale kwenye machinjio, lingine kwenye gereji, kila mtaa na lake. Nilipofika nyumbani nilikuwa nazungumza peke yangu.

Mwashi tuliyemwita akachimba na kujenga shimo la matofali nyuma ya uwanja wa shemeji, akalifunika kwa kuba ya saruji iliyozama ardhini, akaenda zake. Yaliyobaki yalikuwa yangu. Nilipata jenereta ya esansi iliyoachwa na mtu, nikaifungua kabureta, nikaitengenezea njia ya gesi na koki ya kupimia hewa. Gesi ile ina harufu ya yai bovu na inakula chuma, kwa hiyo niliipitisha kwanza kwenye kopo lililojaa vyuma vya kutu, ikatoka upande wa pili imelainika. Shemeji alikuwa anakoroga takataka na maji kwa mti mrefu, kila asubuhi, kitenge amekifunga kiunoni, bila kuziba pua. Mi nilikuwa naziba.

Hapa ndipo kosa langu linapoanzia. Nilikuwa na wasiwasi kwamba siku za sikukuu machinjio yakifurika tutapata, lakini siku za kawaida gesi inaweza kupungua. Nikamwambia choo chake kiko hatua sita tu kutoka shimoni, tukiunganisha hatutakosa gesi hata siku moja.

"Apana," akasema. "Unga ni kitu cha mudomo, shemeji. Watu watasema."

Nikamweleza, kwa ule ukali wangu wa fundi asiyependa kuulizwa, kwamba gesi inaingia kwenye injini tu, injini inazungusha jenereta, jenereta inatuma umeme kwenye waya, waya unazungusha mota. Unga unagusa chuma peke yake. Gesi na unga havijuani.

"Mi najua," akasema. "Wao hawajui."

Mwanamke yule alikuwa na akili kunishinda mara kumi. Lakini kichwa changu, Mungu anisamehe, ni kigumu. Siku alipokwenda sokoni, mi nikalaza bomba kutoka chooni mpaka karibu na shimo, nikaliziba huku na huku, nikalifukia nusu. La akiba, nikajiambia. Aliporudi akaliona, akaniuliza linakwenda wapi.

"Haliendi popote," nikamwambia. "Limezibwa. Siku moja utanishukuru."

Akatikisa kichwa, akaniacha. Aliniamini, basi.

Siku jenereta ilipowaka kwa gesi ilikuwa asubuhi, na mtaa mzima hauna umeme. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Nikapunguza hewa kwa koki, kidogo, kidogo, mara ikashika! Sauti ikanyooka. Shemeji akakimbia chumba cha mbele akabonyeza swichi, na mashine ya kusaga ikaanza kunguruma. Alirudi uani uso mzima una unga, anacheka na kulia pamoja. Mi nilikaa chini kwenye matope nikapiga makofi. Miaka yangu yote ya kufufua mota za watu, sijawahi kufurahi vile.

Kabla ya wiki mbili kwisha, foleni ilikuwa inafika mpaka kona. Watu walikuja kutoka mtaa wa Buyenzi, kutoka Bwiza, wengine na magunia kwenye baiskeli. Wanauliza umeme unatoka wapi, shemeji anawaambia kweli: unatoka kwenye takataka za soko na matumbo ya machinjioni. Jina la fundi tu ndilo nililomwomba asilitaje. Wengine wakastaajabu, wengine wakaguna, lakini wote wakasaga.

Na mi? Mi nilikuwa napita na kola yangu safi.

Nieleze kwa nini. Wakati ule binti yangu wa kwanza alikuwa ameposwa na kijana wa familia ya wafanyabiashara wa mtaa wa Asiatique, wauza vitambaa, watu wa kanzu zilizopigwa pasi hata siku ya Jumanne. Baba wa kijana alikuwa mtu wa heshima na mwenye pua nyepesi. Mara ya kwanza alipokuja kwangu alichagua kiti kwa macho kabla ya kukaa. Halafu huku barazani tunapokunywa kahawa, wazee wakaanza utani juu ya fundi wa mashine ya shemeji, huyo asiyejulikana.

"Huyo fundi lazima anakulia mkono wa kushoto, wa kulia unanuka," mmoja akasema.

Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa sauti kuliko wote, na mkono wangu wa kulia nikauficha chini ya meza. Hapo ndipo kujificha kwangu kulipogeuka aibu ya kazi ambayo ilipaswa kuwa fahari yangu.

Mke wangu ndiye aliyenishika. Alinusa malimau kwenye mikono yangu, siku ya kwanza, siku ya pili, wiki ya tatu, kisha akanisimamia mlangoni.

"Huyo mwanamuke ni nani?"

"Mwanamke gani? Niko kwa shemeji!"

Yarabi, jibu gani hilo! Nilitamani ardhi inimeze. Ikabidi nimchukue nikampeleka nikamwonyesha shimo, jenereta, kopo la kutu, kila kitu. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Mi nilidhani unaoa muke wa pili," akasema, "kumbe unaoa ng'ombe!"

Halafu akaacha kucheka, akaniuliza sasa naficha nini, maana kitu kama hiki mtu anakitembeza kichwani. Nikamwambia kuhusu watu wa Asiatique. Akatazama chini. Naye alikuwa anaitaka ile harusi.

Ramadhani ilipokaribia, watu wanasaga unga wa uji wa kufuturu, ukuta wa nyuma wa shemeji ukaanguka kwa mvua. Jirani akachungulia na kuona bomba. Bomba langu. Linatoka chooni, linaelekea shimoni. Mungu wangu, kufika adhuhuri Jabe nzima ilishasikia kwamba tunakula unga wa kinyesi. Kufika jioni, kuna mtu alishatapika. Kufika kesho yake, kuna mtoto ameumwa tumbo huko Buyenzi na mama yake anajua sababu. Foleni ikaisha. Nilipita mbele ya chumba kile nikaona shemeji amekaa mlangoni, mikono mapajani.

Alikuja kibandani kwangu. Hakukaa.

"Shemeji, watakutana musikitini baada ya Alasiri. Shehe anataka kusikia. Mi nikisema, watasema najitetea. We ndiye uliyeziba lile bomba. Waambie maneno mawili tu: bomba limezibwa. Watakuamini."

"Nitasema," nikamwambia. "We tulia. Nitasema mbele ya wote."

Nilikuwa nimekusudia kusema. Naomba uniamini katika hilo, ingawa sina haki ya kuomba. Njiani kwenda msikitini nilikuwa nayapanga maneno. Nitaanza na gesi na unga kutojuana, halafu nitasema lile bomba ni la kwangu, kichwa changu kigumu, yeye alikataa. Nilijiona kabisa nimesimama nasema.

Tulikaa kwenye mikeka nje ya msikiti. Wanawake walisimama upande wa lango, shemeji mbele yao na mtandio wake mweusi. Mara baba wa kijana akaingia. Alikuwa amekuja kuzungumza nami juu ya siku ya nikahi, akaambiwa niko huku. Akanisalimia kwa mikono miwili, akakaa karibu yangu, goti lake linagusa goti langu. Alinukia udi.

Shehe wetu si mtu wa kelele. Akasema kwa upole kwamba hataki kumdhulumu mjane wala hataki watu wafuturu na shaka. Akauliza nani anaijua mashine ile. Halafu akanigeukia.

"Fundi, we unajua mambo ya umeme kuliko sisi wote, na marehemu alikuwa rafiki yako. Lile bomba linapeleka kitu shimoni ao halipeleki?"

Nikahisi watu wote wananitazama. Baba wa kijana naye akageuka, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesubiri mkwe wake aonyeshe elimu. Nikafungua mdomo.

"Sijui, shehe," nikasema. "Mi siingiagi mule."

Maneno mawili aliniomba. Nilitoa zaidi ya mawili, na yote yakawa ya uongo, ndani ya uwanja wa msikiti, tumeswali sasa hivi. Na sauti yangu haikutetemeka hata. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo, kwamba ilitoka laini, kama ninayetaja saa.

Shehe akamgeukia shemeji. "Mama, nani basi alikutengenezea?"

Aliinua uso. Hakunitazama mi. Alimtazama yule mtu aliyekaa karibu yangu, kanzu yake, tasbihi yake, halafu akamtazama shehe.

"Fundi alitoka ng'ambo, Uvira, shehe," akasema. "Alimaliza kazi akarudi kwao."

"Unaweza kumwita aje aseme?"

"Simu yake haipatikani."

Shehe akashusha pumzi. Akasema yeye hawezi kuuita unga ule najisi, na bila shahidi hawezi kuuita safi, basi kila mtu afuate moyo wake. Na mioyo ya watu, wewe unaijua. Ilifuatana yote njia moja, na hakuna mkeka uliobaki na mtu wa kumtetea yule mama.

Nilikwenda kwake siku ile ile kabla ya Magharibi. Alikuwa anafagia chumba cha mashine, ingawa hapakuwa na unga wa kufagia. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na hata kupigwa na ule ufagio ningeshukuru.

"Kwa nini ulisema Uvira?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Baba ya kijana amekaa pale, amekugandama. Niseme huyu hapa ndiye fundi wa mavi, na amedanganya shehe?" Akaendelea kufagia. "Yule mutoto wako nimemubeba mugongoni. Mashine imekufa leo, basi. Harusi nayo ife?"

Nilisema naenda kwa shehe sasa hivi, naenda kurekebisha. Akaniambia, bila hasira, niende kama naenda. Nikatoka. Nilifika mpaka kwenye duka la pembeni ya msikiti, nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji, nikarudi nyumbani.

Harusi ilifanyika baada ya Idi. Shemeji alikuja tangu alfajiri, akamenya vitunguu na wanawake, akaimba, akampaka binti yangu hina miguuni. Mke wangu alishindwa kumtazama usoni, akawa anampa kazi huku ametazama sufuria. Watu wa Asiatique walikula pilau wakasifu. Baba wa kijana alinikumbatia, akaniambia amefurahi kupata ndugu msema kweli. Nilikunywa maji glasi mbili.

Utaniuliza mbona sikusema baada ya harusi. Niulize tu, hata mi najiuliza. Kwanza nilisema ngoja ndoa ikae sawa. Halafu nikasema ngoja binti ajifungue. Halafu watu walikuwa wameshasahau, na nikisema itabidi nieleze na uongo wa msikitini, na kila Ijumaa uongo ule ulikuwa unazidi kuwa mzito kuubeba mbele za watu. Hapakuwa tena na mtu wa kumwogopa isipokuwa mimi mwenyewe. Jabe bado inalala gizani, marundo bado yanaenda mtoni, na watoto wa shemeji wawili wameacha shule. Siku nyingine napita sokoni jioni, umeme umekatika, akina mama wamewasha tochi za simu juu ya nyanya zao, na mi naijua kazi ya kuwawashia taa, nimeifanya kwa mikono hii, nimeona ikiwaka. Nainamisha kichwa nawahi nyumbani.

Mwaka huu shemeji akapata mtu wa kuinunua mashine, pamoja na mota na jenereta. Akanitumia ujumbe: shemeji, njoo unifungulie, wengine wataharibu. Nikaenda mchana kweupe, nguo moja, na vyombo vyangu begani. Sasa hapakuwa na cha kuficha. Fundi anayefungua mashine hachafuki jina.

Nilitoa mota kwanza. Halafu nikakata waya, nikafungua jenereta yangu boliti moja moja, nikatupa kopo la kutu. Gesi iliyobaki niliiachia kwenye koki ikatoka kwa mluzi mdogo mpaka ikaisha. Mwisho nikalifukua lile bomba. Lilikuwa kavu ndani, safi, vizibo vyote viwili viko pale pale nilipoviweka. Shemeji aliviona. Alikuwa ameshika ndoo ya udongo, anafukia shimo, akavitazama, akamwaga udongo wake, akainama kuchota mwingine.

Ukuta wa nyuma haukuwa umejengwa tena, kwa hiyo wapita njia walikuwa wanatuona. Wazee watatu wa barazani wakasimama, na nyuma yao shehe, wanatoka kuswali. Wakanitazama nilivyoloa jasho, bomba begani, matope mpaka magotini.

"Mashallah, fundi," mmoja akasema. "Hata hukuona kinyaa. Allah akulipe kheri, umetuondolea uchafu mutaani."

Shehe akainua mikono, akaniombea dua, ndefu kidogo, yenye jina langu na jina la baba yangu. Wazee wakawa wanaitikia. Nilisikia udongo wa shemeji ukimwagika shimoni, kisha sikuusikia tena. Alikuwa amesimama, anangoja. Dua ikaisha. Wote wakanitazama.

"Amina," nikasema.